Vanishi ya floraidi: kama madini haya yaliharibu meno ya wazee wetu Meru, yatalindaje meno ya mwanangu?

Mama Neema, Tabata

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka sita na ameanza darasa la kwanza mwaka huu, mdogo anakaribia miaka miwili. Wiki iliyopita wataalamu wa afya ya kinywa walifika shuleni kwa mkubwa kuwakagua watoto, naye akarudi nyumbani na karatasi inayosema kwamba gego lake moja la utoto, upande wa chini kushoto, limetoboka, kwamba magego mengine mawili yana mabaka meupe karibu na fizi, na kwamba inashauriwa apelekwe kwa daktari wa meno akapakwe vanishi ya floraidi.

Neno vanishi mimi nimelizoea kwa mafundi wa samani pale Keko, wanapopaka kabati ili ling'ae na lisinyonye maji, kwa hiyo nilianza kwa kujiuliza ni kitu gani hasa kitakachopakwa kinywani mwa mtoto. Hata hivyo, lililonifanya niandike hapa ni hilo neno la pili. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, amezaliwa na kukulia Arumeru, chini ya Mlima Meru mkoani Arusha. Meno yake ni ya kahawia tangu utoto wake, na ya ndugu zake wote ni hivyo hivyo, na miaka mingi iliyopita waliambiwa na wataalamu kwamba chanzo ni floraidi iliyomo katika maji ya kule. Nilipoisoma ile karatasi kwa sauti, alisema kwamba madini hayo ndiyo yaliyowatia aibu ya kucheka mbele za watu, na kwamba haelewi kwa nini mjukuu wake apakwe kwa makusudi kitu ambacho wao walikinywa kwa kutojua. Siwezi kumpuuza, kwa kuwa jambo hili yeye hakulisoma mahali, analo kinywani mwake.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, floraidi ya kwenye vanishi ni ile ile ya kwenye maji ya Meru? Je, vanishi hiyo itaponya jino lililokwisha kutoboka? Na la mwisho ni langu mwenyewe: meno yangu hutia ganzi kali nikinywa maji ya baridi au nikila embe mbichi, na nimesikia kwamba vanishi hii huwafaa hata watu wazima. Kama kuna aliyewahi kupakwa, ningeshukuru kusikia.

Baba Ilham, Mbagala

Mama Neema, swali lako la pili nina jibu lake, na nimelipata kwa gharama. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alikuwa na gego lililotoboka na kuuma akila kitu kitamu. Nilimpeleka kwenye kliniki moja ya binafsi ambako alipakwa vanishi kinywa kizima, pamoja na juu ya lile shimo, nikaambiwa kwamba maumivu yataisha na kwamba jino la utoto litang'oka lenyewe kwa wakati wake. Maumivu yalipungua kwa siku chache. Baada ya muda usiozidi miezi miwili mtoto aliamka usiku na shavu limevimba, ana homa, na jino likalazimika kung'olewa.

Daktari aliyeling'oa alinieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie: gego la utoto hukaa kinywani hadi mtoto afike miaka kumi au kumi na mbili, nalo ndilo linaloshikilia nafasi ya jino la ukubwani lililo chini yake. Likiondoka mapema mno, meno ya jirani husogea na kuziba nafasi hiyo, na lile la ukubwani hutoka likiwa limepinda au likakosa pa kutokea. Mimi nilikuwa naamini kwamba meno ya utoto ni ya kupita, kwa hiyo hayahitaji gharama.

Siisemi vibaya dawa yenyewe. Tangu wakati ule mdogo wake hupakwa mara mbili kwa mwaka na mpaka sasa hana jino hata moja lililotoboka, ingawa siwezi kusema ni vanishi peke yake, maana tulipunguza pia ubuyu wa rangi na barafu za mifukoni ambazo dada yake alikuwa hakosi kila anapotoka shule. Ninachosema ni kwamba shimo lizibwe kwanza, vanishi ije kuyalinda yaliyo mazima.

Nina swali moja kwa wataalamu. Siku ya pili baada ya kupakwa, ile rangi ya manjano hutoweka yote na meno hurudi kama yalivyokuwa. Je, dawa inakuwa bado ipo, au ndiyo imekwisha?

Daktari wa Kinywa, Upanga

Mama Neema, tafadhali mfikishie bibi shikamoo yangu. Mimi ni daktari wa kinywa na meno hapa mjini, na nitaanza na hoja yake kwa sababu ni ya haki kabisa na mara nyingi sisi wataalamu huipita haraka.

Floraidi ya kwenye maji ya Meru na floraidi ya kwenye vanishi ni madini yale yale. Bibi hajakosea hata kidogo. Kinachotofautiana ni njia yanayopitia, wakati wa maisha ya jino, na idadi ya siku. Jino hutengenezwa ndani ya taya miaka kadhaa kabla ya kuonekana. Meno ya mbele ya ukubwani, ambayo mtoto huanza kuyaota akiwa na miaka sita au saba, gamba lake gumu la nje, yaani enameli, hujengwa hasa katika miaka mitatu au minne ya mwanzo ya maisha. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi katika kipindi hicho huyameza madini, yakaingia katika damu, yakafika kwenye taya na kuvuruga ujenzi huo, kiasi kwamba jino linapochomoza tayari lina vitundu vidogo visivyoonekana ambavyo baadaye hunyonya rangi na kuwa kahawia. Ndiyo maana mtu aliyehamia Arusha akiwa mtu mzima hapati meno ya namna ile hata akiyanywa maji hayo miaka yote iliyobaki, ijapokuwa mifupa yake inaweza kudhurika kama kiwango ni kikubwa sana.

Sasa tutazame vipimo, kwa kuwa hapa ndipo hofu ya bibi inapopata jibu. Vanishi inayotumika zaidi ina sodiamu floraidi asilimia 5, ambayo ni sawa na miligramu 22.6 za floraidi katika kila mililita. Mtoto mwenye meno ya utoto hupakwa takriban robo ya mililita, ambamo mna miligramu 5.65, na kiasi hicho hakiingii tumboni kwa mkupuo, kwa kuwa dawa hunata kwenye meno na kubanduka polepole. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chukulia mtoto anayekunywa lita moja kwa siku ya maji yenye miligramu 5 kwa lita, kiwango ambacho katika maeneo ya kuzunguka Mlima Meru si cha kushangaza. Mtoto huyo anameza katika siku moja karibu kiasi kile kile kilichomo katika upakaji mzima. Mjukuu wa bibi atapakwa mara mbili, tatu au nne kwa mwaka. Bibi aliyanywa maji yale siku zote 365 za mwaka, na tuongeze uji, chai na makande yaliyopikwa kwa maji hayo hayo, tena katika miaka ambayo meno yake yalikuwa bado yanajengwa. Kwa upande wa sumu ya papo kwa papo, kiwango kinachotulazimu kumwahisha mtoto hospitali ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo 12 ni miligramu 60, zaidi ya mara kumi ya kinachopakwa.

Baba Ilham, pole sana kwa yaliyompata binti yako, na swali lako linarudisha ile habari ya Keko. Dawa hii ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1960, na mchanganyiko wake una utomvu wa misonobari, ndiyo maana inanata na kukauka kama vanishi ya fundi. Kazi yake lakini ni nyingine. Vanishi ya kabati hulinda kwa kubaki juu ya mbao miaka na miaka. Ya meno hutakiwa kushika kwa saa kadhaa tu, na katika saa hizo floraidi hukutana na kalsiamu iliyomo kwenye mate na kwenye jino, ikajiweka juu ya enameli kama chembechembe ndogo sana. Rangi ya manjano ikiisha, chembechembe hizo zinakuwa zimebaki, nazo ndizo akiba.

Akiba hiyo hutumika namna hii. Mtoto akila sukari, vijidudu vya kinywani huigeuza kuwa tindikali, na kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake. Mate yakishaisafisha tindikali, sehemu ya madini hurudi. Siku nzima jino linapoteza na kurudishiwa, na jino huoza pale ambapo kupoteza kumezidi kurudishiwa kwa muda mrefu. Chembechembe za floraidi huyeyuka wakati ule ule tindikali inapoingia, zikasaidia madini kurudi, na enameli inayojengwa upya pamoja na floraidi huwa ngumu zaidi kuyeyuka, huweza kustahimili hadi pH ya karibu 4.5. Kwa hiyo yale mabaka meupe uliyoandikiwa, Mama Neema, ni mahali ambapo madini yamepungua lakini ukuta haujabomoka. Hapo vanishi inaweza kurudisha hali nyuma. Shimo ni ukuta uliokwisha kubomoka, na hakuna vanishi inayoujenga. Baba Ilham amesema kweli.

Kuhusu nguvu yake, uchambuzi wa mwaka 2013 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, uliokusanya majaribio 22 yenye watoto zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba vanishi hupunguza kuoza kwa wastani wa asilimia 43 katika meno ya ukubwani na asilimia 37 katika meno ya utoto. Ni manufaa makubwa, lakini si ngao ya kumfanya mtoto ale pipi apendavyo. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi ndio msingi, na vanishi huongezwa juu yake.

Lile gego lililotoboka lizibwe mapema. Usiogope sana mashine, kwa kuwa ipo njia ya kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa sementi maalumu ambayo nayo huachia floraidi kidogo kidogo. Njia hiyo, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi, ilianza kufanyiwa kazi hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na watoto wengi huivumilia vizuri bila sindano. Ipo pia dawa ya maji yenye floraidi na madini ya fedha ambayo husimamisha uozo usiendelee, ila huliacha jino likiwa na weusi wa kudumu, kwa hiyo mzazi huulizwa kwanza.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mwanao ana miaka sita. Katika umri huu magego manne ya kwanza ya ukubwani huchomoza nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hayachukui nafasi ya jino lolote lililong'oka, hivyo wazazi wengi hudhani nayo ni ya utoto na huyaacha yaoze. Hayo hayatabadilishwa tena maisha yake yote. Mwombe daktari ayatazame hayo kwanza kabla ya kitu kingine, na kama yana mifereji mirefu juu yake aulizwe pia kuhusu kuifunika kwa silanti, yaani utando mwembamba wa kuizibia.

Mwalimu Mstaafu, Kimara

Nimesoma maelezo ya Daktari kwa makini, na ninapenda kumwandikia Mama Neema kama mtu wa upande wa bibi. Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, na jina lenyewe la mahali linakuambia jinsi maji yalivyokuwa. Meno yangu ni kama ya mama mkwe wako. Nilifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na darasani kwetu kule mtoto mwenye meno meupe ndiye aliyekuwa mgeni.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba meno haya, kwa kuwa yamejaa floraidi, hayawezi kuoza. Si kweli. Yanaoza, na yale yaliyoathirika vibaya zaidi hubanduka vipande na kuacha vishimo ambamo chakula hukwama. Nimeng'olewa magego mawili. Kwa hiyo hata bibi mwenyewe angefaa kumwona daktari, asione kwamba kwa meno yake mambo yamekwisha.

Ningeongeza jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hawalifikirii. Nyumba nyingi za watu wetu waliohamia huku bado zinapika maharage na makande kwa magadi yanayoletwa kutoka nyumbani, kwa sababu huivisha haraka na ladha ndiyo tuliyoizoea. Magadi yale yana floraidi nyingi. Kama mna wasiwasi wa floraidi kwa yule mdogo wa miaka miwili, ambaye meno yake ya ukubwani ndiyo yanajengwa sasa, mahali pa kuangalia kwanza ni chungu cha makande, kabla ya brashi ya daktari. Kule kwetu kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na ninasikitika kwamba juhudi kama ile haijawafikia wote wanaoihitaji.

Mama Neema, Tabata

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Daktari na Baba Ilham. Nimemsomea mama yote mliyoandika, taratibu, na lile la Mwalimu nililirudia mara mbili kwa kuwa aliniomba. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia nimwonyeshe mfuko wa magadi tuliotumiwa Desemba. Kuhusu upakaji, amesema hana kinyongo ikiwa ni kwa kipimo hicho, ila anataka kujua kama yule mdogo naye lazima apakwe, na kama kuna mtoto ambaye hafai kabisa kupakwa. Mkubwa aliwahi kulazwa kwa pumu akiwa na miaka mitatu, na sijui kama hilo linahusika.

Ningependa pia kujua siku yenyewe inakuwaje. Mwanangu ana woga, na nisingependa kumdanganya kwamba hakuna kitakachofanyika.

Daktari wa Kinywa, Upanga

Marahaba kwa niaba ya Mwalimu mpaka atakapoijibu mwenyewe, na ninamshukuru, kwa sababu habari ya magadi ningeisahau.

Umefanya vyema kutaja pumu. Ule utomvu wa misonobari, ambao kitaalamu huitwa kolofoni, unaweza kuleta mzio kwa watu wachache, na watengenezaji wa vanishi za aina hiyo wanatahadharisha hasa kwa mtu aliyewahi kulazwa kwa pumu kali au kwa mzio. Mwambie daktari kabla hajafungua dawa. Zipo vanishi zisizo na kolofoni, na kama haipo mahali ulipokwenda, zipo njia nyingine za floraidi. Mtoto mwenye vidonda kinywani au fizi zinazovuja damu zilizovimba husubiri zipone. Muulize mwanao pia kama aliwahi kuwashwa na plasta za kubandika kwenye kidonda, kwa kuwa baadhi yake huwa na utomvu huo huo.

Yule mdogo si lazima leo. Lakini mnyanyue mdomo wa juu, umtazame meno ya mbele karibu na fizi, mahali penye mwanga. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, huo ndio mwanzo, na watoto wanaolala na chupa ya maziwa au juisi huupata mapema sana. Hapo apakwe bila kungoja kuota meno yote. Usipoona kitu, mpigishe mswaki kwa dawa yenye floraidi ya ppm 1000 (yaani sehemu 1000 katika milioni) au zaidi, kiasi kisichozidi punje ya mchele, wewe mwenyewe ukiwa umeshika mswaki. Akifikisha miaka mitatu, kiasi kiwe kama mbegu moja ya choroko kubwa au njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi isioshwe yote.

Siku ya upakaji haina sindano wala mashine. Meno husafishwa, hufutwa kwa kitambaa safi au pamba yakauke kiasi, kisha dawa hupakwa kwa brashi ndogo, jino kwa jino, na ikigusana na mate hukauka papo hapo. Kwa mtoto mtulivu haizidi dakika chache. Mwambie ukweli: atahisi kitu kinachonata, ladha kidogo ya matunda au ya utomvu, na meno yatakuwa ya manjano mpaka kesho. Mimi huwashauri wazazi waje alasiri baada ya chakula cha mchana, kwa sababu saa nne zinazofuata mtoto hatakiwi kula vitu vigumu au vya moto, na jioni ile hapigi mswaki. Wali laini uliopoa, ndizi mbivu au mtindi vitamtosha. Chai ya moto na mahindi ya kuchoma vingoje. Asubuhi apige mswaki kama kawaida.

Kwa kuwa ana jino lililokwisha kutoboka na mabaka, ningemweka katika kundi la kupakwa kila baada ya miezi mitatu au minne kwa mwaka wa kwanza, kisha mara mbili kwa mwaka hali ikitulia. Kupaka mara moja na kutorudi ndiko kunakowafanya watu waseme kwamba vanishi haifanyi kazi.

Muuza Vitambaa, Kariakoo

Naona swali la tatu la dada yetu, lile la ganzi, limeachwa nyuma, nami nimepakwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo nitalijibu kama mgonjwa.

Nilikuwa nashindwa kunywa maji ya baridi dukani mchana wa jua kali. Nilidhani meno yameoza, lakini daktari hakuona tundu hata moja. Aliniuliza ninapigaje mswaki, nikamwonyesha, na akaniambia kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikisugua kwa nguvu kwa mswaki mgumu, na wakati mwingine kwa unga wa mkaa, mpaka fizi zimeshuka na mizizi ya meno iko wazi. Alinieleza kwamba sehemu iliyo chini ya enameli ina vijitundu vidogo mno vyenye maji ndani yake, na kitu cha baridi, kitamu au kichachu kikigusa, maji hayo husogea na kuuchokoza mshipa wa fahamu ulio katikati ya jino. Vanishi huviziba vijitundu hivyo.

Nilipakwa mara tatu, kila baada ya wiki moja, na nafuu niliiona tangu mara ya kwanza. Ilidumu miezi minne hivi, ganzi ikaanza kurudi kidogo, nikapakwa tena. Kwa hiyo si tiba ya kudumu, na nafuu kubwa zaidi nimeipata baada ya kununua mswaki laini na kuacha mkaa. Juisi ya ukwaju, ambayo nilikuwa nainywa polepole tangu asubuhi hadi jioni, sasa nainywa mara moja pamoja na chakula.

Daktari wa Kinywa, Upanga

Ndugu wa Kariakoo ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Nitaongeza tahadhari moja tu kwa Mama Neema. Ganzi ya kawaida huja ghafla na kuondoka mara kitu cha baridi kinapoondolewa. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya baridi kuisha, yakija yenyewe bila kuguswa, yakikuamsha usiku, au yakitokea unapotafuna kwa jino fulani moja, hayo si ganzi ya kupakwa vanishi. Uozo unaweza kuwa umefikia kwenye mshipa au jino lina ufa, na kulipaka kutakuchelewesha kama ilivyotokea kwa binti wa Baba Ilham. Na ukishakula embe mbichi au kutapika, sukutua kwa maji matupu kwanza, mswaki usubiri nusu saa, kwa sababu enameli iliyotoka kuguswa na tindikali husuguliwa kwa urahisi.

Mama Neema, Tabata

Nimepanga kwenda Alhamisi alasiri, mimi, mkubwa na bibi, ambaye ameamua mwenyewe kwamba naye atakaguliwa. Jana usiku nilimnyanyua mdogo mdomo kwa tochi ya simu. Sikuona mstari wowote, lakini chupa ya usiku tumeiondoa. Ya pumu nimeyaandika kwenye karatasi ile ile ya shule ili nisisahau.

Daktari, je, mtoto akipakwa mahali pamoja safari hii na mahali pengine safari ijayo, watajuaje alipakwa lini?

Daktari wa Kinywa, Upanga

Hawatajua, isipokuwa wewe uwaambie. Chukua kadi yake ya kliniki, ile ya chanjo, na mwombe atakayempaka aandike nyuma yake tarehe, aina ya vanishi na kama ina kolofoni. Siku hiyo hiyo, kabla hamjaondoka, muulize tarehe ya kurudi na uiandike chini ya hiyo. Na bibi akifika, asione haya kufungua kinywa. Mwambie daktari mapema kwamba ametoka Meru, ili asianze kwa kumuuliza kama anavuta sigara.